Familia ya Patterson na magari yao ya Greenfield

Ndugu uliyeuliza kama kuna familia ya Wamarekani weusi iliyowahi kumiliki kiwanda cha magari: ndiyo, ipo, nayo ni familia ya Patterson ya mji wa Greenfield, jimbo la Ohio. Charles Richard Patterson alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1833, akawa fundi mhunzi, na mwaka 1873 akaingia ubia na Mzungu aliyeitwa J. P. Lowe wa kuunda magari ya kukokotwa na farasi, hadi mwaka 1893 alipobaki mmiliki pekee na kampuni ikaitwa C. R. Patterson & Sons.

Alifariki mwaka 1910. Mwanawe Frederick, ambaye alitambua kwamba zama za farasi zinakwisha, alitoa mwaka 1915 gari la injini lililoitwa Patterson-Greenfield, likiuzwa kwa takriban dola 850. Lilisifiwa kwa ufundi wake, lakini kiwanda kidogo chenye mtaji haba hakingeweza kushindana kwa bei na Ford, aliyekuwa akiunganisha magari kwa maelfu.

Kwa maoni yangu, hatua iliyofuata inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa, kwani katika miaka ya 1920 familia iliacha kuunda magari madogo, ikageukia kutengeneza bodi za malori na mabasi, yakiwemo mabasi ya shule, juu ya chesisi (fremu za chini zenye injini na magurudumu) za kampuni nyingine, na kazi hiyo iliwaweka sokoni hadi mdororo mkuu wa uchumi ulipowaelemea, wakafunga mwaka 1939.