Galei ya Kigiriki ya kuchezea vita mezani, ipi ndo yenyewe?

SWALI: Kaka wa safu ya vimodeli, habari za kazi. Mi na binamu yangu tumechoka na vita vya nchi kavu, sasa tunataka kucheza Salamis, ile ya mwaka 480 KK Wagiriki walipowapiga Waajemi baharini. Askari wetu wote ni wa milimita 28. Nimeona galei (meli ya makasia) moja ya plastiki imeandikwa tu "galei ya kale", ina mnara kwenye sitaha na mbele ina daraja lenye mwiba, bei yake sio mbaya kabisa. Ni ya Kigiriki kweli hiyo? Na saizi gani itakaa vizuri na askari wangu? (Msomaji, baharia asiye na meli)

JIBU: Baharia, rudisha hela mfukoni kwanza. Hilo daraja lenye mwiba ni la Warumi, walilitumia kunasia meli za Karthago kwenye vita ya Mylae, huko Sisilia, mwaka 260 KK, yaani miaka 220 baada ya Salamis, na minara ya kwenye sitaha nayo ni mambo ya baadaye. Usione aibu maana mi mwenyewe nshaliwa hivyohivyo, nilinunua yenye mnara nikasema ntaukata kwa msumeno, nikakata kweli, sitaha ikabaki na tundu kama fizi iliyong'olewa jino na gundi yote niliyomwaga pale haikusaidia kitu.

Unayoitaka wewe inaitwa triremi. Ilikuwa na wapiga makasia 170 kwa safu tatu, 62 juu, 54 katikati na 54 chini. Modeli ndogo haiwezi kuonyesha kasia zote hizo na wala usihesabu, we angalia ubavuni tu kama safu tatu zinaonekana. Halafu chukua rula upime picha: mabanda ya kuhifadhia meli yaliyochimbuliwa Piraeus, bandari ya Athene, yanaonyesha meli ya urefu wa mita kama 37 na upana usiofika 6, na Olympias, triremi waliyoijenga upya Wagiriki ikaingia majini 1987, iko hivyohivyo. Kwahiyo urefu gawa kwa upana wa bodi bila makasia, ukipata chini ya 6 hiyo ni beseni, achana nayo. Na pale omo, yaani mbele ya meli, usawa wa maji, lazima kuwe na ile pembe ya shaba ya kutobolea meli ya adui, bila hiyo hakuna mchezo.

Sasa saizi, hapa ndo penye kazi. Milimita 28 ni kama 1/56 hivi, yaani modeli ni ndogo mara 56 kuliko kitu chenyewe, kwahiyo triremi moja inatoka sentimita 66, weka mbili mezani na binamu yako hana pa kuweka kikombe. Kampuni ya Zvezda wana ya plastiki ya 1/72, inakaribia nusu mita, nzuri sana kuitazama ila askari wako wakisimama juu yake wanaonekana majitu. Mi ningekuwa wewe ningewaacha hao askari nchi kavu. Salamis ilikuwa vita ya meli kwa mamia zimebanana kwenye mlango mwembamba wa bahari, Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anahesabu triremi 378 upande wa Wagiriki peke yao, huwezi kuionja hiyo kwa meli mbili. Chukua 1/600, Xyston wanazo za chuma, kila meli sentimita 6 hivi, au za Langton za 1/1200 ambazo ni sentimita 3 tu, hapo unapanga ishirini kila upande na bado unabaki na bahari ya kugeuzia.

Ukishikilia lazima askari wapande, basi tengeneza nusu ya mbele tu, omo na kipande cha sitaha, sehemu iliyobaki jifanye iko nje ya meza. Plutarch, mwandishi mwingine wa Kigiriki wa kale, anasema kila meli ya Athene ilikuwa na wapiganaji 18 juu, wanne kati yao wapiga mishale, kwahiyo hata kikosi chako hakihitaji kuongezwa. Au tafuta pentekonta, ile ya makasia 50, ni fupi kidogo na Herodotus anazitaja nazo zilikuwepo.

SWALI (huyohuyo, karudi tena): Asante kaka, nimechukua za 1/600. Sasa tanga nilibandike likiwa limekunjuliwa au limekunjwa?

JIBU: Usilibandike kabisa. Wakienda vitani matanga makubwa waliyaacha ufukweni, meli inapigana kwa makasia tu, kwahiyo ile modeli yenye tanga limejaa upepo huku inagonga adui ni ya kupamba kabati. Muda wa tanga upeleke kwenye macho, paka jeupe kila upande wa omo na kidoti cheusi katikati, maana walikuwa wanaweka macho kweli, ya marumaru yameokotwa Piraeus. Ila matanga yenyewe usitupe. Waathene walikuwa wanadai kwamba Adeimantus, kamanda wa meli za Korintho, alitweka tanga akatoroka vita ilipoanza tu, Wakorintho wakakataa katakata, kwahiyo binamu yako akianza kurudi nyuma mchomekee moja.