Siku Isiyo na Mauzo Nayo Ihesabiwe

Ukimtengenezea mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba mfumo mdogo wa kuhifadhi mauzo, usitegemee akuulize ameuza kiasi gani. Hilo analo kichwani, kwa ndoo na kwa gunia. Atakachotaka kujua ni siku zipi hakuuza kitu, na kwa nini. Hapo ndipo jedwali la mauzo linapokwama, maana limeandika siku zenye biashara peke yake. Kama tarehe 9 hakuna aliyenunua, tarehe 9 haimo, na hifadhidata haiwezi kukupa habari za siku ambayo haijawahi kuisikia.

Kwa hiyo ninapoanza kazi ya mteja yeyote hapa Mwanza, kabla ya ripoti ya kwanza, natengeneza jedwali la kalenda. Kila tarehe inapata mstari wake, na tarehe yenyewe ndiyo ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha mstari kisichojirudia. Watu huogopa kwamba litakuwa kubwa. Kuanzia 1 Januari 2020 hadi 31 Desemba 2039 ni mistari 7,305 tu, na hilo halimsumbui mtu yeyote.

Kulijaza ni kazi ya mara moja. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL una generate_series, amri moja inamaliza. Mwenzake MySQL kuanzia toleo la 8.0 inakubali WITH RECURSIVE, yaani swali linalojirudia lenyewe, ila bila kuambiwa vinginevyo hugoma baada ya mizunguko 1,000, basi pandisha kwanza cte_max_recursion_depth. Hata ukizijaza tarehe kwenye Excel kisha ukazipakia, sitakucheka.

Baada ya hapo kila ripoti ya siku inaanzia kwenye kalenda, na mauzo yanakuja kuungana nayo (LEFT JOIN hubakiza kila siku ya kalenda, na COALESCE huweka 0 pasipo na mauzo):

SELECT k.tarehe, COALESCE(SUM(m.kilo), 0) AS kilo
FROM kalenda k
LEFT JOIN mauzo m
  ON m.tarehe = k.tarehe AND m.bidhaa = 'dagaa'
WHERE k.tarehe BETWEEN '2026-04-01' AND '2026-04-30'
GROUP BY k.tarehe
ORDER BY k.tarehe;

Angalia sharti la bidhaa limekaa wapi. Liko kwenye ON, yaani sharti la kuunganisha. Ukilihamishia kwenye WHERE, yaani kichujio cha matokeo, siku zisizo na mauzo zinapotea tena, kwa sababu bidhaa yake ni tupu na tupu hailingani na 'dagaa'. Nimeulizwa jambo hili na vijana wengi wanaoanza, na jibu karibu kila mara liko kwenye mstari huo mmoja.

Safu za kuongeza zitategemea kazi. Namba ya siku ya wiki iandike mwenyewe uimalize, maana kila mfumo una hesabu yake: kwa DAYOFWEEK ya MySQL Jumapili ni 1, kwa WEEKDAY ya MySQL hiyohiyo Jumatatu ni 0, na kwa isodow ya PostgreSQL Jumatatu ni 1. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai, kwa hiyo anayefanya kazi na halmashauri anahitaji safu yenye '2025/26'. Haya ni madogo.

Sikukuu ziwekee jedwali la pembeni. Saba Saba, Nane Nane na 14 Oktoba hazihami, na Ijumaa Kuu unaipata kwa kutoa siku mbili kwenye Pasaka. Ila Idi inasubiri mwezi uonekane. Mimi naiandika mapema kwa makadirio, pamoja na safu ya kuonyesha kama imethibitishwa, kisha nairekebisha tangazo likitoka. Kuigandisha Idi ndani ya programu ni kujitafutia simu za usiku.

Sasa tuje ziwani, ambako kalenda za kunakili mtandaoni hazifiki.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mtumbwi unatoka jioni na kurudi alfajiri, kwa hiyo safari moja inakanyaga tarehe mbili. Mafuta yaliandikwa tarehe 5, dagaa wamepimwa tarehe 6, na ukilinganisha gharama na mapato kwa tarehe, hesabu zinapishana. Wavuvi wenyewe hawana shida hiyo: wao husema usiku wa kuamkia tarehe 6, na safari nzima ni ya tarehe 6. Nawe fanya hivyohivyo. Chukua muda wa tukio, ongeza saa 12, kisha uchukue tarehe. Kila kilichotokea baada ya adhuhuri ya tarehe 5 hadi kabla ya adhuhuri ya tarehe 6 kitaangukia tarehe 6. Kama seva yako inatunza muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza kwanza saa 3 za kwetu. Na anayeingiza data kutoka kwenye daftari akumbushwe kwamba saa 2 usiku ya nahodha inaingia kwenye mfumo kama 20:00.

Safu ninayoithamini kuliko zote ni ya umri wa mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Hesabu yake ni fupi. Tafuta siku zilizopita tangu 6 Januari 2000, siku mwezi ulipoandama, gawanya kwa 29.530588, chukua kinachobaki. Kikiwa karibu na sifuri au karibu na 29, ni giza. Kikiwa karibu na 15, ni mbalamwezi. Ukijaribu 2 Aprili 2026 unapata kama 15, na kweli usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Huu ni wastani, unaweza kupishana na mwezi wenyewe kwa saa kadhaa, lakini kwa kupanga magunia unatosha kabisa.

Safu hiyo ndiyo inayozuia ripoti isidanganye. Ukiona dagaa wamepungua wiki ya Pasaka, ni rahisi kusema watu walikuwa kanisani na safarini. Lakini Pasaka hupangwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo kila mwaka inakuja mitumbwi ikiwa imetoka kupumzika au bado imepumzika. Idi el-Fitri ni kinyume chake: inakuja mwezi ukiandama, usiku ukiwa wa giza, uvuvi ukiwa mzuri. Mwenye safu ya sikukuu peke yake atahitimisha kwamba Wakristo wanaharibu biashara ya dagaa na Waislamu wanaikuza!

Dawa ni kulinganisha mbalamwezi na mbalamwezi. Chukua wiki ya Pasaka, iweke kando ya wiki yenye umri uleule wa mwezi mnamo Mei au Juni ambayo haina sikukuu yoyote. Tofauti inayobaki ndiyo unayoweza kuanza kuiulizia sikukuu. Kama hakuna tofauti, mwambie mteja wako asiwapunguze vibarua wa kuanika kwa sababu ya Pasaka. Awapangie kazi kwa mwezi.