Jua likichafuka, Rwenzori itatikisika?

Barua nyingi wiki hii zinahusu ujumbe unaozunguka WhatsApp: dhoruba ya jua inakuja, watu wa magharibi mwa Uganda walale nje kwa sababu ya tetemeko.

Dhoruba ya jua ni kitu gani? (Mwanafunzi, Mbarara)

Jua hurusha mawingu ya chembechembe zenye umeme. Wingu likija upande wetu hufika kwa siku moja hadi tatu, likautikisa usumaku unaoizunguka dunia. Mwaka 1989 umeme ulizimika Quebec, Kanada, watu milioni sita wakakaa gizani kwa muda wa saa tisa hivi.

Ni kweli kila dhoruba hufuatwa na tetemeko? (Mama wa duka, Kasese)

Hapana, mama. Duniani hutokea matetemeko zaidi ya elfu moja kwa mwaka yenye kipimo cha 5 kwenda juu. Chagua siku yoyote, hata siku ya soko, utakuta tetemeko karibu nayo. Mei 2024 ilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, na wiki iliyofuata halikutokea hata tetemeko moja la kufikia 7. Aliyetunga ujumbe ule amewatia wazazi hofu bure, na hilo linaniuma.

Mbona nimesoma kwamba wanasayansi wameuona uhusiano? (Mwalimu wa fizikia, Fort Portal)

Umesoma sawasawa, mwalimu, na swali lako ndilo gumu. Mwaka 2020 Vito Marchitelli na wenzake walilinganisha vipimo vya miaka 20 vya chombo cha angani SOHO na matetemeko makubwa. Wakaona matetemeko huongezeka kidogo protoni, yaani chembechembe zenye umeme zitokazo kwenye jua, zinapozidi. Wakapendekeza kwamba umeme unaoshuka ardhini huyabana mawe yenye kwazi, madini yaleyale yanayoendesha saa ya mkononi. Lakini mwaka 2013 Jeffrey Love na Jeremy Thomas walikuwa wamepitia matetemeko makubwa ya tangu 1900, wakayapanga na madoa ya jua, upepo wa jua na dhoruba za sumaku, wasipate uhusiano wa kutegemewa. Mimi naegemea kwa hawa wawili, ingawa mlango sijaufunga. Hata Marchitelli akithibitishwa, jua litakuwa punje ya mwisho juu ya gunia lililokwisha jaa: ufa uwe umebanwa kwa miaka mingi kwanza. Tena takwimu zake ni za dunia nzima; haziwezi kusema Kasese, Alhamisi usiku.

Basi nilale ndani? (Baba wa watoto watatu, Bundibugyo)

Lala ndani, ndugu yangu, usiku wa dhoruba kama usiku mwingine. Machi 20, 1966 tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya mia moja, na Februari 5, 1994 ardhi ikatikisika tena karibu na Fort Portal. Chanzo ni bonde la ufa lenyewe, linalotanuka milimita chache kwa mwaka. Kinachoua ni ukuta. Sogeza vitanda vya watoto mbali na ukuta wa pembetatu unaobeba paa, na ukijenga, zungusha mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha. Kulala nje kuna wakati wake: baada ya tetemeko kubwa, kuta zikiwa zimepasuka, maana madogo hufuata na kuangusha kilichobaki.