Maswali ya wasomaji: Python inaposema haioni moduli

Habari za kazi. Nimetengeneza tovuti ya kutunza michango ya harusi kwa Flask, maktaba ya Python ya kujengea tovuti. Kwenye laptopu inakwenda vizuri. Nimeipandisha kwenye seva ya Ubuntu 22.04, naiwasha kwa Gunicorn (programu inayoendesha tovuti za Python) kupitia systemd (inayowasha huduma za Linux), inagoma: `ModuleNotFoundError: No module named 'flask'`. Nimesakinisha Flask mara tatu, pip, kisakinishi cha maktaba za Python, inajibu kwamba ipo tayari. Kamati ya harusi inaningoja. Msomaji, Sinza.

Ndugu yetu wa Sinza, pole. Usisakinishe mara ya nne. Pip inasema kweli na Python nayo inasema kweli, ila kila moja inaangalia stoo yake. Seva moja inaweza kuwa na Python mbili au zaidi: ile ya mfumo, iliyo `/usr/bin/python3`, na ile ya mazingira pepe (`venv`) uliyoyaunda ndani ya mradi. Kila moja ina folda yake ya maktaba, `site-packages`, au `dist-packages` kwa ile ya mfumo wa Ubuntu. Flask umeiweka kwenye stoo moja, Gunicorn inafungua nyingine.

Hakikisha hivi. Ukiwa ndani ya folda ya mradi, andika:

```
python3 -m pip --version
which gunicorn
```

Amri ya kwanza inataja pip imekaa folda gani na ni ya Python ipi. Ya pili inataja Gunicorn inatoka wapi. Moja ikiwa ndani ya mazingira pepe na nyingine nje yake, mchawi umemkamata. Kisha jenga upya, tuseme mradi uko `/srv/michango`:

```
cd /srv/michango
python3 -m venv venv
venv/bin/python -m pip install -r requirements.txt gunicorn
```

Hiyo `requirements.txt` ni orodha ya maktaba za mradi wako. Mstari wa pili ukigoma, sakinisha kwanza `python3-venv` kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu. Na tafadhali usinakili folda ya `venv` kutoka laptopu kwenda seva. Ndani yake mna anwani kamili za kompyuta ilikozaliwa, kwa hiyo ukiihamisha inaharibika.

Sasa faili la systemd. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu `activate`, amri ya kuwasha mazingira pepe uliyoandika kwenye terminali yako, systemd haiijui kabisa. Ipe njia nzima:

```
WorkingDirectory=/srv/michango
ExecStart=/srv/michango/venv/bin/gunicorn --bind 127.0.0.1:8000 app:app
```

Maliza kwa `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl restart michango`, na usome kumbukumbu kwa `journalctl -u michango -n 50`. Ukikuta kosa limebadilika na kuwa `No module named 'app'`, umesogea mbele: Flask imeonekana, kinachokosekana sasa ni faili lako mwenyewe. Mara nyingi ni ule mstari wa `WorkingDirectory` umesahaulika, na systemd ikaanzia kwenye mzizi wa diski, `/`.

Hapa tunatoa onyo kwa moyo wote. Jina lililo kati ya alama za nukuu kwenye ujumbe wa kosa likiwa la faili uliloandika wewe, kama `app` au `utils`, usikimbilie `pip install` ya jina hilo. Unaweza kuleta ndani ya seva yenye pesa za watu msimbo wa mtu usiyemjua, kwa kuwa tu majina yamefanana.

Mfumo wetu wa kikoba ulikuwa faili moja. Nilipougawa, ukaanza kusema `ImportError: cannot import name 'db' from partially initialized module 'app'`. Hiyo `db` ipo, naiona kwa macho yangu mstari wa 9! Msomaji, Mbagala.

Ipo, dada, lakini Python haijafika huko. Ifuatilie mstari kwa mstari. Inafungua `app.py`. Mstari wa 3 unasema `from models import Mwanachama`, basi inasimama hapo hapo na kwenda `models.py`. Kule mstari wa kwanza unasema `from app import db`. Inarudi kwa `app`, inaikuta imesomwa mistari mitatu tu, `db` ya mstari wa 9 haijazaliwa. Ni kama kumdai muuza duka chenji kabla hajafungua mlango.

Dawa ni kuitoa `db` kwenye ugomvi huo na kuipa faili la tatu lisilotegemea yeyote kati ya hayo mawili. Liite `hifadhi.py`:

```
from flask_sqlalchemy import SQLAlchemy
db = SQLAlchemy()
```

Sasa `models.py` na `app.py` yote yaandike `from hifadhi import db`. Ndani ya `app.py`, weka kwanza `SQLALCHEMY_DATABASE_URI` kwenye mipangilio, kisha ndipo uandike `db.init_app(app)`. Ukigeuza mpangilio huo, Flask-SQLAlchemy 3 italalamika kwamba haijapewa anwani ya hifadhidata.

Utakutana na watu wanaoshauri kuushusha mstari wa `import` chini kabisa ya faili. Unafanya kazi, lakini hatuupendi: siku mwenzako atakapopanga mistari hiyo vizuri juu, kosa linarudi na hatajua kwa nini.

Kosa lenye maneno haya haya linatokea pia ukiliita faili lako jina la maktaba, mfano `flask.py`. Angalia njia iliyoandikwa mwishoni mwa ujumbe. Ikiwa ni ya folda yako badala ya `site-packages`, badilisha jina la faili, basi.

Programu yangu kwenye Windows inakubali. Seva ya Linux inasema `No module named 'huduma'`, na faili nimelituma kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Msomaji, Kigamboni.

Je, faili hilo liliwahi kuitwa `Huduma.py`? Windows hailitofautishi na `huduma.py`, na Git iliyo juu yake mara nyingi haioni kwamba umebadilisha herufi. Linux inaziona kuwa faili mbili tofauti. Andika `git ls-files` uone jina ambalo Git bado inalishikilia. Likiwa la zamani, libadilishe kwa hatua mbili:

```
git mv Huduma.py muda.py
git mv muda.py huduma.py
```

Kisha commit, push, na uvute upya kwenye seva.

Naandika `pip install cv2`, haipatikani. Msomaji, Ubungo.

Jina la kuingiza na jina la kusakinisha si lazima yafanane. `cv2` husakinishwa kama `opencv-python`, `PIL` ni `Pillow`, `yaml` ni `PyYAML`, `bs4` ni `beautifulsoup4`, `dotenv` ni `python-dotenv`, na `MySQLdb` ni `mysqlclient`.

Tovuti ya duka la vipuri imekwenda tangu 2022 bila tatizo. Tumehamia seva mpya, hatujagusa hata herufi moja, sasa inasema `cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'`. Msomaji, Kariakoo.

Nyinyi hamkugusa, ila maktaba zimebadilika. Bila shaka `requirements.txt` yenu imetaja `Flask==2.2.2` au jirani yake, na Werkzeug, maktaba ambayo Flask inaitegemea, haikutajwa. Pip ikachukua toleo jipya. Werkzeug 3.0 ilitoka Septemba 2023 na `url_quote` ikaondolewa humo. Ili duka lifunguke leo:

```
venv/bin/python -m pip install "Werkzeug<3"
venv/bin/python -m pip freeze > requirements.txt
```

Msiache zile alama za nukuu, la sivyo terminali itaichukulia `<` kama amri ya kusoma faili. Mstari wa pili unaandika kila maktaba na toleo lake, pamoja na zile ambazo hamkuziomba wenyewe. Mkipata nafasi, pandisheni Flask hadi 3 kwenye laptopu kwanza, mjaribu kila ukurasa, ndipo mguse seva.