Anayejua na Anayekula: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Lishe

Swali: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Nyalenda, Kisumu. Akina mama ninaowatembelea huyataja makundi ya vyakula bila kukosea, lakini jioni nakuta ugali na sukuma wiki kama jana. Je, mafunzo haya yana faida?

Jibu: Yana faida, ila hayawezi kufanya kazi ya shilingi. Katika kipimo cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, cha wanawake wa miaka 15 hadi 49, vyakula vimegawanywa katika makundi 10, na mwanamke huhesabiwa amefikia kiwango iwapo kwa siku moja, mchana na usiku, amekula kutoka angalau makundi 5. Ugali ni kundi la kwanza, sukuma wiki la pili, na nyanya, zisipokuwa kipande tu cha kutia mchuzi rangi, ni la tatu. Mama huyo amebakiza mawili, na huenda anayajua kwa majina. Asichonacho ni pesa za wiki nzima kwa mkupuo. Hununua mafuta ya kupima, nyanya tatu na fungu moja la mboga, kwa hiyo mara nyingi kila kilo humgharimu zaidi kuliko anayenunua kwa wingi pale soko la Kibuye. Tena hathubutu kujaribu chakula ambacho watoto wanaweza kukikataa, kwa kuwa kikikataliwa hakuna kingine cha kuwapa.

Maarifa hupata nafasi katika kubadilisha vyakula ndani ya shilingi zile zile. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, ndiyo maana humpa mlaji kalsiamu nyingi kuliko kipande cha nyama. Maharagwe ni rahisi kununua lakini hula makaa, basi mwonyeshe anakouziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Maji ya ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Mambo ya namna hii hufundishika vizuri zaidi mkiwa mmesimama kwenye kibanda cha mama mboga kuliko mbele ya bango lenye picha za vyakula.

Swali: Mimi ni mwalimu Kakamega na kipato changu si kibaya. Watoto wangu husema mrenda na managu ni mboga za ushago. Kati yangu na mamangu kijijini, nani anakula vizuri zaidi?

Jibu: Inategemea unapima nini. Pesa huleta nyama, maziwa na matunda, kwa hiyo kwa hesabu ya makundi huenda ukamshinda. Lakini pesa hizo hizo huleta chipsi na soda, ambazo hesabu ya makundi haiziadhibu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na mboga na matunda visipungue gramu 400, na hapo naona mama akikuacha nyuma. Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Miezi ya kabla ya mavuno ghala lake huwa tupu, na munyu, yaani maji ya majivu, anaolainishia mboga hupunguza vitamini C.

Swali: Elimu ya mama au mali ya nyumba, kipi kina nguvu zaidi kwa afya ya mtoto?

Jibu: Ni vigumu kuvitenganisha, kwa sababu hutembea pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014, na mzigo ni mzito zaidi katika nyumba maskini. Mama aliyesoma mara nyingi ana kazi, maji karibu na sauti katika matumizi ya pesa. Anayelinganisha maarifa na mlo bila kuuliza kipato atayapa maarifa sifa ambayo kwa sehemu ni ya mfuko.

Swali: Unga wa kisiagi au wa paketi?

Jibu: Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa paketi uongezwe virutubishi, na wa kisiagi cha mtaani kwa kawaida hauongezwi. Usipokobolewa, wa kisiagi hubaki na kiini na makapi yake, jambo ambalo ni jema, lakini hilo halifikii vyote vinavyoongezwa kwenye paketi. Mwenye pesa anapewa vitamini bila kuzijua.

Swali: Kliniki hunifundisha mimi, lakini mwenye pesa ni bwanangu. Nifanyeje?

Jibu: Mwombe aje nawe mara moja, na mhudumu azungumze naye kuhusu bei, si kuhusu vitamini. Kwetu Magharibi kuku alikuwa na sheria zake: firigisi ya baba, na zamani katika jamii nyingi za Waluhya mwanamke hakuruhusiwa kumla kuku kabisa. Mwiko huo umelegea, lakini anayepakua bado hujipakulia mwisho, na hilo, dada, bwanako anaweza kulibadilisha leo jioni bila kuongeza hata shilingi moja.