Maswali na Majibu: Prosesa Mpya Ndani ya Kompyuta ya Zamani

Swali: Kompyuta yangu ya nyumbani ina prosesa ya Ryzen 3 1200, ubao mama wa B350 na kadi ya picha ya GTX 1060. Gemu mpya zinakwamakwama. Je, naweza kuweka Ryzen 5 5600 bila kubadili kitu kingine?

Jibu: Inawezekana, na kwa maoni yangu ni vigumu kupata njia bora zaidi ya kuitumia fedha hiyo. Soketi ya AM4, yaani tundu la ubao mama linalokaa prosesa, iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, ndiyo hiyo hiyo inayopokea Ryzen 5 5600 iliyotoka Aprili 2022, na ni katika mwaka huo AMD, mtengenezaji wa Ryzen, iliporuhusu rasmi mbao mama za mfululizo wa 300, kama B350 yako, zitumie prosesa za mfululizo wa 5000. Utatoka kwenye viini 4 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 4 (kazi zinazoshikwa kwa pamoja) hadi viini 6 na nyuzi 12, ilhali prosesa zote mbili zimepangwa katika daraja la wati 65, hivyo pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme) iliyo nzima na iliyoimudu ya kwanza itaimudu na hii.

Hata hivyo, mpangilio wa kazi usivurugwe. Soma jina kamili la ubao lililochapwa juu yake, pamoja na namba ya toleo, kisha tafuta katika tovuti ya mtengenezaji orodha ya prosesa ambazo ubao huo unazikubali na toleo la BIOS (programu ya msingi ya ubao) linalodaiwa na kila moja. Ikiwa 5600 haimo, usinunue. BIOS hiyo iwekwe wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake, kwa kuwa ubao wenye BIOS ya mwaka 2017 hauitambui 5600 na kioo kitabaki cheusi. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, ubao unaweza kufa, kwa hiyo azima UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, hata kama ni kwa nusu saa tu. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, nakili kwanza ufunguo wa kuifungulia, kwa sababu ukibadili prosesa Windows inaweza kuudai ufunguo huo kabla ya kuwaka.

Sehemu inayoniumiza zaidi ninapoona imekosewa ni ya kung'oa kipoza joto. Prosesa za AM4 zina pini upande wa chini, na pesti (uji wa kupitisha joto unaopakwa kati yake na kipoza joto) iliyokauka huigandisha prosesa kwenye kipoza joto, hata ukikivuta kwa nguvu hutoka navyo vyote viwili na pini zikapinda. Cheza gemu kama dakika kumi ili pesti ilainike, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha kizungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Kuna faida nyingine ambayo hukuiuliza. Ryzen 3 1200 haimo katika orodha ya Microsoft ya prosesa za Windows 11, lakini 5600 imo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Swali: Muuzaji ananiambia 5500, 5600 na 5600G ni kitu kimoja, tofauti ni bei tu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, lakini 5600 ina megabaiti 32 za kumbukumbu ya ndani ya L3, ilhali nyingine mbili zina 16, na gemu nyingi huihisi tofauti hiyo. 5600G inabeba uwezo wa picha ndani yake. 5500 na 5600 hazina, na bila kadi ya picha hazitaonyesha chochote. Mwenye kadi achukue 5600. Asiye nayo achukue 5600G na aiwekee vijiti viwili vya RAM badala ya kimoja, kwa kuwa picha zake hutegemea kasi ya RAM hiyo.

Swali: Nimebadili prosesa na gemu haijaongeza kasi. Nimetapeliwa?

Jibu: Huenda hapana. Fungua kipimo cha matumizi gemu ikiendelea: kadi ya picha ikiwa inakaribia asilimia 100 muda wote, kikwazo ni kadi, na prosesa haitakusaidia. Angalia pia kasi ya RAM, kwani vijiti vingi vya DDR4 vya 3200 huanza kwa 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, ndani ya BIOS.

Swali: Nilinunua Dell OptiPlex iliyotumika ofisini Ulaya, ina Core i5-3470. Kijana wangu anataka kuchezea gemu. Niweke prosesa gani?

Jibu: Mzee wangu, hapa nakushauri usinunue prosesa. Soketi yake ya LGA1155 iliishia kizazi cha tatu cha Intel. Utakachopata ni i7-3770, yenye viini 4 vile vile na nyuzi 8, bado ikiwa nje ya orodha ya Windows 11. Pawasaplai ya ofisini nayo ni ndogo, hivyo kadi yoyote utakayoongeza iwe ile inayotosheka na wati 75 za tundu lake kwenye ubao mama, bila waya wa ziada. Kwa masomo, iwekee SSD na RAM ifike gigabaiti 16, nawe utaona tofauti kubwa. Kwa gemu, weka akiba ya ubao wa H610, Core i3-12100F, RAM ya DDR4, kadi ya picha, kasha na pawasaplai ya kawaida. RAM ya DDR3 iliyomo kwenye Dell haitaingia huko. Kitakachohama kutoka kwenye Dell ni ile SSD, kwa hiyo usibane fedha unapoinunua.