Kabla Hujauhama Msikiti kwa Sababu ya Mabati

Kwa miaka minne sikukanyaga msikiti wa mtaani kwetu Lindi, na chanzo chake kilikuwa mabati. Tulichanga fedha za kuezeka upande uliokuwa ukivuja, mabati yakanunuliwa, kisha baadhi yake yakaonekana juu ya banda la mmoja wa wanakamati, na nilipouliza kikaoni nikajibiwa kwamba kijana hawahoji wazee. Nikajiambia kwamba kuswali nyumbani kunatosha.

Kuhusu imani yenyewe sikuwa nimekosea sana. Bibi yangu, Mmwera wa Rondo, hakuacha swala tano, na bado kila mwaka kabla ya kupanda alimwaga unga wa mtama chini ya mti huku akiwataja waliotangulia. Shehe alipomkemea alimwitikia kwa adabu, na mwaka uliofuata akarudi palepale. Anayeliita jambo hilo ujinga huenda hajawahi kulitegemea shamba ambalo mvua yake haiagizwi na mtu.

Lakini imani ya mtu mmoja ina mpaka, na historia ya kwetu inauonyesha. Wamatumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani pale Nandete, Julai 1905, kila mmoja alikuwa na uchungu wake wa siku nyingi. Kilichowakusanya katika vita hivyo vya Maji Maji ni maji ya dawa ya mganga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyeahidi kwamba yangezuia risasi, nayo yakawafunga pamoja watu wa makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja. Maji hayo hayakuzuia risasi. Ndiyo maana sikubali, hata leo, kwamba kiongozi wa dini asihojiwe, kwa kuwa ahadi yake ikienda kombo wanaolipa ni waumini.

Bibi alifariki usiku wa Novemba, katikati ya msimu wa korosho, wakati ambao hata ndugu wa damu hupatikana kwa shida. Sikumpigia simu mtu yeyote wa msikitini, kwa aibu. Alfajiri jeneza lilikuwa limekwisha kufika uani, mama mmoja alikuwa akikata sanda kwa kupima shubiri bila kukosea, na mjomba wangu Mkatoliki alikuja kutoka Ndanda na wenzake wa jumuiya, wakachota maji mpaka mapipa yakajaa. Aliyeshuka kaburini kusafisha mwanandani, jasho likimtiririka, alikuwa yule yule mwenye banda.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuondoka, jiulize kwanza umegombana na nani: Mungu, jamaa, au mweka hazina? Ikiwa ni mweka hazina, usiende peke yako kikaoni kama nilivyofanya mimi. Tafuta wawili watatu waliochanga, mwombe kwa heshima asome mapato na matumizi baada ya swala ya Ijumaa, na akikataa, rudini tena. Sisi tulikubaliwa mara ya tatu. Hata hivyo, mahali wanapokutisha au kumdhuru mwanao, ondoka siku hiyo hiyo na utoe taarifa, maana hapo hakuna hesabu ya kusubiri.

Mabati hayajarudi. Mwezi uliopita nilikabidhiwa daftari la michango, na Ijumaa ya kwanza kijana wa miaka 18 akasimama kuuliza kwa nini ukurasa wa saba una jumla mbili tofauti. Nilikuwa nimekosea kujumlisha, na nilijikuta natafuta neno la kumnyamazisha.